Gari Halili Maji

Kwa miezi minne nilitembea na dumu la maji la lita 5 kwenye buti. Kila Jumamosi asubuhi, kabla ya kuwasha injini, nilifungua boneti, nikatazama tenki la akiba ya maji ya kupoza injini, nikajaza mpaka kwenye mstari, nikafunga na kwenda zangu. Likawa jambo la kawaida kama kupiga mswaki. Mtu akiniuliza gari lina shida gani, namjibu, "Halina shida, linakula maji kidogo tu."

Maneno hayo ndiyo yaliyonichelewesha. Ukishasema gari linakula maji, umelifanya jambo hilo kuwa tabia ya gari, na tabia hairekebishwi, inazoewa. Halafu gari lenyewe lina miaka 22, kwa hiyo uzee nao ukawa jibu la kila kitu. Lakini mfumo wa kupoza injini umefungwa. Maji yale yale yanasukumwa na pampu, yanapita kwenye injini yakichukua joto, yanapita kwenye rejeta yakiliacha, yanarudi. Hayana sababu ya kupungua. Yakipungua yametoka, na njia kuu za kutokea ni tatu: nje chini ya gari, ndani ya kabini kupitia hita, au ndani ya injini yenyewe, yaani kwenye silinda au kwenye oili. Mimi nilikuwa nayajua haya yote na bado nikaendelea kubeba dumu.

Kisha siku moja maji yakaacha kupungua. Jumamosi ya kwanza tenki lilikuwa kwenye mstari, ya pili hivyo hivyo. Nikafurahi. Nikajiambia labda palikuwa na uchafu umeziba penyewe, mambo ya magari ya zamani hayo. Wiki ileile, nikipandisha mlima mrefu, nikaona mshale wa joto umeondoka katikati. Nikawasha hita hadi mwisho, kwa kuwa nilishasikia kwamba hita inaisaidia injini kutupa joto. Ikapuliza hewa ya baridi. Mshale unakaribia nyekundu na hita inatoa baridi! Hapo hata mimi nilielewa: hakuna maji ya moto yanayofika kwenye hita kwa sababu hakuna maji. Nikaegesha, nikazima, nikakaa kando ya barabara zaidi ya saa nzima nikisubiri injini ipoe. Nilipofungua kifuniko cha rejeta, kwa kitambaa kinene na polepole, sikuona kitu ndani. Rejeta ilimeza lita 2 na nusu. Na tenki la akiba, pembeni, limejaa vizuri kabisa.

Hili linawapata wengi, kwa hiyo nilieleze. Kifuniko cha rejeta kina vali mbili. Ile kubwa inazuia presha hadi kiwango kilichoandikwa juu ya kifuniko, 0.9 au 1.1 kwa kawaida, kwa kipimo cha presha kiitwacho baa. Injini ikipata moto maji yanatanuka, presha inapita kiwango hicho, vali inafunguka na maji ya ziada yanakwenda kwenye tenki la akiba. Injini ikipoa maji yanasinyaa, vali ndogo inafunguka na rejeta inayafyonza yale maji kutoka kwenye tenki. Sasa, kama kuna tundu mahali fulani, na tundu limekua, rejeta inapofyonza haina haja ya kuvuta maji kutoka mbali. Inavuta hewa kupitia tundu. Tenki linabaki limejaa, rejeta inaendelea kukauka. Kwa hiyo zile wiki mbili nilizoshangilia ndizo zilizokuwa mbaya kuliko zote. Siku hizi, injini ikiwa baridi kabisa, nafungua kifuniko cha rejeta chenyewe na kuchungulia. Tenki peke yake siliamini tena.

Na presha si jambo dogo. Maji usawa wa bahari yanachemka kwenye nyuzi 100. Yakibanwa kwa presha ya baa 1.1 juu ya ile ya kawaida, hayachemki mpaka yapite kidogo nyuzi 120. Injini nzima imebuniwa ikitegemea nafasi hiyo. Tundu la ukubwa wa sindano linatoa maji kidogo, ni kweli, lakini linatoa pia presha, na bila presha maji yaliyobaki yanaanza kuchemka kwenye joto ambalo gari lisilovuja hupita humo bila wasiwasi. Ndiyo maana pia kifuniko hakifunguliwi injini ikiwa ya moto. Ukikifungua, presha inatoka mara moja, na maji yaliyokuwa yametulia kwenye nyuzi 110 yanageuka mvuke usoni pako.

Nililipeleka gari kwa fundi. Akafungua kifuniko cha oili, akanionyesha upande wa ndani: povu zito la rangi ya maziwa.

"Bosi, hedi gasketi hii. Ona mwenyewe, maji yamechanganyika na oili."

"Una hakika, fundi?"

"Gari linakula maji, chini hakuna hata tone. Yanakwenda wapi kama si ndani?"

Swali lake lilikuwa zuri kuliko jibu lake. Kazi aliyokuwa anaipendekeza ni kufungua hedi (kichwa cha injini), kuipeleka ikachongwe, kubadili gasketi (kizibo kilicho kati ya hedi na injini), boliti mpya, siku tatu au nne. Nikavuta kijiti cha kupimia oili. Oili ilikuwa nyeusi, safi, haina ukungu wowote. Povu la chini ya kifuniko peke yake halina uzito wa ushahidi: gari linalokwenda safari fupi fupi injini haipati moto wa kutosha kukausha unyevu, na unyevu huo unakusanyika sehemu ya juu iliyo baridi zaidi, yaani pale pale kwenye kifuniko. Na safari zangu nyingi ni za dakika kumi. Nikamshukuru, nikaomba nikafikirie, nikaondoka mwendo wa kinyonga, dumu likiwa limejaa.

Kabla ya kufungua hedi ya injini kuna kipimo ambacho hakihitaji kufungua chochote. Ni kichupa chenye kimiminika cha bluu unachokiweka juu ya mdomo wa rejeta, injini ikiunguruma, na kuvuta hewa iliyoko juu ya maji ipite ndani yake. Kama gasketi imekatika na moshi wa silinda unaingia kwenye maji, hewa hiyo ina kabonidayoksaidi, na kimiminika kinabadilika kuwa njano. Niliazima, nikapima injini ikiwa vuguvugu, nikapima tena ikiwa ya moto. Bluu. Mpira wa juu wa rejeta, bomba linaloleta maji ya moto kutoka kwenye injini, nao haukuwa unakakamaa mara tu baada ya kuwasha, na hakukuwa na mapovu yanayopanda mfululizo. Nikaifuta njia moja kati ya tatu. Zulia la chini ya dashibodi lilikuwa kavu, kioo cha mbele hakina ukungu wa mafuta mafuta, ndani hakuna ile harufu tamu ya kulanti, dawa inayochanganywa na maji ya kupoza injini: njia ya pili nayo ikaondoka. Ikabaki nje.

Nje, lakini hakuna tone chini. Hapo nikapiga magoti na kutazama vizuri, nikaona kitu ambacho kwa miezi minne nilikuwa nakitazama bila kukiona: chini ya injini kuna ngao ya plastiki, pana kama sinia. Chochote kinachodondoka kinaangukia juu yake, kinatembea, kinakaukia kwenye joto au kinapeperushwa na upepo gari likiwa kwenye mwendo. Nilipoifungua, upande wa juu ulikuwa na michirizi mikavu ya rangi ya waridi iliyofifia, iliyopita huku na huku kama ramani ya mito. Basi maji yalikuwa yakidondoka siku zote. Yalikuwa hayafiki sakafuni tu.

Nikatafuta pampu ya kupimia presha. Ni kifaa rahisi sana, kinafanana na pampu ya baiskeli yenye geji. Unakifunga mahali pa kifuniko cha rejeta, injini ikiwa baridi, unapiga mpaka presha ifike ile ya kwenye kifuniko, usizidishe, kisha unaacha na kutazama mshale. Kwangu ulianzia 1.0 na baada ya dakika kumi ukawa 0.8. Nikachukua tochi na kijioo kidogo cha kujitazamia, nikaanza kutafuta. Uzuri wa kifaa hiki ni kwamba unatafuta tundu la gari la moto ukiwa na gari baridi, feni haizunguki, mkono hauungui.

Nilipata haraka. Mpira wa juu wa rejeta, mahali unapoingia kwenye injini, klipu yake ya asili ilikuwa imelegea, na chini yake pameganda ukoko mweupe na waridi, mgumu kama magamba. Tone moja lilikuwa linajikusanya hapo taratibu, likining'inia, likikataa kuanguka. Mpira ulikuwa umekakamaa mwishoni. Nikabadilisha mpira na klipu, nikasugua bomba la alumini mpaka likawa laini, nikapiga presha tena. Mshale ulisimama 1.0 robo saa nzima bila kutikisika. Nikajipongeza sana jioni ile. Nilikuwa tayari hata kumpigia fundi simu.

Siku tisa baadaye rejeta ilikuwa imeshuka upana wa kidole.

Kabla sijaendelea, niseme kuhusu ile unga na vichupa vya kuzibia tundu, kwa sababu wiki hiyo kila mtu alinishauri nitie. Wengine walitaja pilipili manga, wengine ute wa yai. Sikatai kwamba vinaziba. Tatizo ni kwamba havijui kipi ni tundu na kipi ni njia. Mirija ya rejeta na ya hita ni myembamba mno, na kitu kinachoweza kuziba ufa kinaweza kuziba na mirija. Kama uko mbali na kwako na giza linaingia, tia ufike. Lakini gari likiwa limeegeshwa nyumbani, sioni sababu.

Kilichonitatiza ni mshale uliosimama. Kama presha inakaa, maji yanatokaje? Nilikaa na swali hilo siku mbili. Jibu lilikuwa chini ya boneti, kwa maana halisi. Nilikuwa nimeifungua kutazama rejeta, jua la asubuhi likawa linapiga ubavuni, nikaona kwenye kitambaa cha ndani cha boneti mstari wa madoa madogo madogo. Mstari ulionyooka kama uliopigwa rula, hauna upana wa zaidi ya vidole viwili. Nikaufuata kwa macho kwenda chini. Ulikuwa sambamba kabisa na mkanda wa feni.

Mkanda ukilowa unarusha maji kwa mstari mmoja, ule wa kuzunguka kwake. Kwa hiyo maji yalikuwa yanaufikia mkanda, na kitu chenye maji kinachozungushwa na mkanda huo ni kimoja tu: pampu ya maji. Ndani ya pampu kuna mhimili unaozunguka, na sili inayozuia maji yasifike kwenye beringi, zile gololi zinazoushikilia mhimili uzunguke. Watengenezaji wanajua kwamba sili itachoka siku moja, kwa hiyo chini ya mhimili wameacha kitundu kidogo makusudi, ili maji yakipita sili yatokee nje badala ya kuingia kwenye beringi. Kitundu hicho kikianza kulia, pampu inakuambia imefika mwisho. Kuna watu hukiziba. Nilipomulika changu kwa kijioo, chini yake palikuwa na ndevu za waridi zilizokauka.

Na sababu ya mshale kusimama? Sili yangu ilishika vizuri mhimili ukiwa umetulia. Ilipokuwa ikizunguka mara elfu kadhaa kwa dakika, ikiwa ya moto, ndipo ilipopitisha. Kipimo changu kilipima gari lililosimama. Hakikudanganya, mimi ndiye niliyekiuliza swali la nusu.

Kwenye gari langu pampu inaendeshwa na mkanda wa nje, kwa hiyo kazi inawezekana kwa spana za kawaida na uvumilivu. Kama yako inaendeshwa na mkanda wa taimingi, ule wa ndani unaopanga mwendo wa vali za injini, hesabu ni nyingine: hapo unabadilisha pampu na mkanda pamoja, kwa sababu mkanda uliolowa kulanti usiuamini, na kazi ya kufika huko hutaki kuirudia.

Legeza boliti za puli ya pampu kabla ya kuondoa mkanda. Mkanda ndio unaoishika puli isizunguke. Mimi nilianza na mkanda, nikaishia kuikumbatia puli kwa mkono mmoja na kuvuta spana kwa mwingine kama mtu anayefungua mtungi uliogoma. Boliti za pampu nazo hazilingani urefu. Nilichora umbo la pampu kwenye kipande cha katoni, nikatoboa matundu, kila boliti nikaichomeka mahali pake. Boliti ndefu ikiingia kwenye tundu fupi utapasua alumini, na hapo ndipo kazi ndogo inapozaa kubwa. Boliti moja iligoma. Nikaipulizia mafuta ya kulegeza kutu, nikaenda kulala. Asubuhi ilitoka bila ubishi.

Gasketi ya zamani ilikuwa imegandia injini. Hapa watu wengi huchukua bisibisi bapa na kukwangua, na bisibisi inaacha mifereji kwenye alumini, na mifereji inakuwa tundu jipya. Nilitumia kipande cha plastiki ngumu, nikakwangua kama saa moja hivi, mgongo ukinilalamikia. Ni sehemu ya kuchosha kuliko zote na ndiyo inayoamua kama utairudia kazi mwezi ujao. Wakati huo huo nikabadilisha thamostati, ile vali inayofungulia maji njia ya kwenda kwenye rejeta injini ikipata moto, kwa kuwa maji yalishamwagwa na ilikuwa mkononi. Upande wa springi unatazama injini, na kile kitundu chake kidogo cha kupumulia kinakaa juu kabisa ili hewa ipite.

Maji niliyoyamwaga yalikuwa na rangi ya chai ya rangi. Aliyekuwa na gari kabla yangu, na mimi mwenyewe kwa dumu langu, tulikuwa tumejaza maji ya bomba. Maji ya bomba yana chumvi zinazoganda kwenye mirija, na hayana dawa ya kuzuia kutu. Kulanti si ya nchi za barafu peke yake kama wengi wanavyodhani. Ethilini glaikoli iliyo ndani yake inazuia kuganda, ndiyo, na inapandisha kidogo kiwango cha kuchemka, lakini kazi yake kubwa kwa gari lisiloona barafu ni zile dawa zinazolinda chuma, alumini na sili ya pampu. Sili yangu huenda ingeishi zaidi kama isingekuwa inasuguliwa na kutu miaka yote hiyo.

Rangi, kwa taarifa yako, ni rangi tu. Kijani, waridi, bluu, nyekundu: kila mtengenezaji anatia anayotaka, na rangi mbili zinazofanana zinaweza kuwa na dawa tofauti kabisa. Fuata aina iliyotajwa kwenye kitabu cha gari. Na yale unayoyamwaga yakinge kwenye beseni na uyafunike. Glaikoli ina ladha tamu na ni sumu kali. Paka au mbwa akiyaonja hana anayemwambia aache.

Baada ya kusuuza mara tatu, maji yakatoka meupe, likaja suala la hesabu. Mfumo wangu unachukua lita 6. Ukimwaga kupitia rejeta zinatoka kama 4, nyingine zinabaki tumboni mwa injini, na baada ya kusuuza yaliyobaki ni maji matupu. Ukijaza kulanti iliyokwisha changanywa nusu kwa nusu, utaishia na theluthi moja tu ya kulanti badala ya nusu, bila kujua. Kwa hiyo nilitia kwanza lita 3 za kulanti ambayo haijachanganywa, nusu ya mfumo mzima, kisha nikamalizia kwa maji yaliyokenekwa, yale yanayoongezwa kwenye betri.

Kutoa hewa kulinichukua muda kuliko kufunga pampu. Niliegesha pua ya gari ikiwa juu, nikaweka hita kwenye moto wa mwisho, nikawasha injini kifuniko kikiwa wazi. Maji yanatulia, kisha yanabubujika, yanashuka ghafla, unaongeza. Nikaubinyabinya mpira wa juu. Baada ya kama dakika ishirini mpira wa chini ukapata moto, maana yake thamostati imefunguka, povu kubwa la mwisho likatoka, na hita ikaanza kupuliza moto wa kweli. Nikafunga kifuniko. Asubuhi yake, injini ikiwa baridi, nikaongeza kikombe kimoja. Hiyo ni kawaida. Tangu hapo nimechora alama kwa wino kwenye tenki na kila Jumamosi natazama, rejeta na tenki vyote viwili. Wiki ya sita sasa.

Nilipita kwa yule fundi wiki iliyopita kwa shughuli nyingine. Akafungua boneti bila kuombwa, kama kawaida yao, akapitisha kidole kwenye pampu mpya, akatazama mkanda.

"Na hedi?"

"Haijaguswa, fundi."

Akanyamaza kidogo. Akaifunga boneti taratibu, akafuta mikono, akaniuliza kama ile pampu ya kupimia presha bado ninayo, na kama naweza kumwazima mpaka kesho, maana kuna gari la mteja pale nyuma linakula maji.